Kompyuta ya Bodi Moja na Taa za Kitengela

Upande wa kusini, Mbuga ya Wanyama ya Nairobi haina ua, na maboma ya Kitengela ndiyo majirani wa simba. Waliwahi kumla fahali wa pekee wa familia ya Richard Turere. Kijana huyo wa Kimaasai, akiwa na miaka 11 tu, alitambua kwamba simba humwogopa mtu anayetembea na tochi. Akatwaa betri kuukuu ya gari, paneli ya sola, kisanduku cha indiketa cha pikipiki na balbu za tochi mbovu, akaziunga zimetamete kulizunguka boma. Simba wakadhani kuna mtu anazunguka, kumbe mwenyewe kalala. Mwaka 2013 aliisimulia habari hiyo kwenye jukwaa la TED huko California.

Mtambo ule haukuwa na kompyuta. Afadhali hilo limkae akilini kijana anayepanda matatu Kitengela kwenda Luthuli Avenue, Nairobi, kutafuta "bodi" ya kuchezea nyumbani.

Neno lenyewe lina mtego. Kwa fundi, bodi ni kile kibao cha kijani kilicholehemewa vipuri: bodi ya runinga, bodi ya simu. Kwa mzazi, bodi ni wale wanaoketi kuamua mambo ya shule. Wapo wanaopendelea ubao, lakini ubao wa darasani umelitangulia neno hilo, na kijana wa Kitengela akisema anasikia ubao, mpe chakula. Ndiyo maana "kompyuta ya bodi moja" inafaa kuliko tafsiri za kujikakamua. Wapenzi wa "tarakilishi" waruhusiwe tu kubadilisha neno la kwanza.

"Moja" inaeleza umbo: kichakataji, kumbukumbu na matundu ya nyaya vyote viko kwenye kibao kimoja. Raspberry Pi, mojawapo ya kompyuta hizo, iliyotoka Februari 2012 kwa dola 35, ilitoshea kiganjani. Uzito wa istilahi, hata hivyo, uko kwenye "kompyuta". Arduino Uno R3 nayo ni bodi moja, lakini si kompyuta ya aina hii. Ina kilobaiti 2 tu za kumbukumbu ya kazi, haina mfumo endeshi, na hurudia programu moja daima. Hiyo ni bodi ya kidhibiti.

Stima ikipotea, tofauti hujitokeza. Kidhibiti kikipata umeme tena huendelea na kazi papo hapo. Raspberry Pi husoma mfumo endeshi wake, Linux, kutoka kwenye kadi ya kumbukumbu, na ikizimwa ghafla wakati inaandika, kadi inaweza kuharibika.

Halafu kuna betri. Raspberry Pi 4, hata ikikaa bure, hula wati 3 hivi. Kwa saa 24 hizo ni watisaa 72, ilhali betri ya volti 12 na ampea-saa 7, ile ya king'ora cha nyumba, hubeba 84 ikiwa mpya na imejaa. Mawingu ya siku mbili yakitanda Kitengela, boma liko gizani. Kwa taa za kumetameta, au kwa kupima maji ya tangi, kidhibiti kama ESP32, ambacho kinaweza kulazwa usingizi kati ya vipimo, kinatosha na kubaki.

Kompyuta inastahili gharama pale kazi inapodai kuhifadhi na kuchambua. Huko Nyeri, watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi waliitumia Raspberry Pi yenye maikrofoni kurekodi sauti za ndege. Kazi kama hiyo ingeishinda Uno mapema sana.

Na bei ya dirishani isimdanganye mtu. Novemba 2015 Raspberry Pi Zero ilitangazwa kwa dola 5, hata ikatolewa bure ikiwa imebandikwa kwenye jalada la jarida la MagPi. Msomaji aliyeibandua alikuwa bado hajanunua kadi, chaja, wala adapta ya tundu lake dogo la skrini.