Joe Sinnott, Mtia Wino

Ndugu wahitimu wenzangu, wengi wetu tulivisoma vile vitabu vya katuni vya Kimarekani bwenini, vikipita kitanda hadi kitanda mpaka majalada yakachanika. Majina ya mashujaa tuliyajua yote. Jina la aliyetia wino hatukulijali, ingawa lilichapwa mwanzoni kabisa.

Yafaa kwanza nieleze kazi yenyewe. Mchoraji huanza kwa penseli. Lakini mistari ya penseli ilikuwa hafifu mno kwa mitambo ya uchapaji ya siku zile, hivyo karatasi ilipelekwa kwa mtu wa pili, naye akaupitia mchoro wote kwa kalamu, brashi na wino mweusi. Wako wanaodhani huko ni kunakili tu. Si kweli hata kidogo. Yeye ndiye aliyeamua mstari upi unenepe, kivuli kianzie wapi, chuma king'ae vipi. Kilichomfikia msomaji ni mistari yake.

Joe Sinnott alizaliwa Saugerties, jimbo la New York, tarehe 16 Oktoba 1926. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alitumikia Jeshi la Majini huko Okinawa. Aliporudi alifanya kazi katika machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji, ndipo akaingia shule ya uchoraji jijini New York. Mwaka 1950 alianza kumfanyia kazi mhariri Stan Lee, katika kampuni iliyokuja kuitwa Marvel.

Sifa yake kubwa imo katika Fantastic Four. Alitia wino toleo la 5 mwaka 1962, akarejea na toleo la 44 mwaka 1965, na isipokuwa matoleo machache akabaki hapo hadi 1981. Mchoraji wa penseli mpaka 1970 alikuwa Jack Kirby. Sinnott hakuhamia jijini. Kurasa zilimfuata Saugerties kwa posta. Toleo la 52, mwaka 1966, ndilo lililomleta Black Panther, mfalme wa Wakanda, nchi ya kubuni ya Kiafrika. Watoto wetu walimwona katika filamu ya 2018. Wino wa kwanza uliompa umbo ni wa Sinnott.

Kirby alipoondoka, wachoraji walipokezana, lakini sura ya kitabu haikuyumba. Ben Grimm, yule mtu wa mawe, alibaki yule yule, jiwe kwa jiwe. Sisi wa maofisini tunawajua watu wa namna hiyo: wakubwa huja na kuhamishwa, na faili huenda sawa kwa sababu ya karani mmoja ambaye mgeni haulizi jina lake.

Heshima ilichelewa. Aliingizwa katika Jumba la Heshima la tuzo za Will Eisner mwaka 2013, akiwa na miaka 86. Aliendelea kutia wino Spider-Man ya magazeti ya Jumapili hadi 2019. Alifariki tarehe 25 Juni 2020.