Namna Chini ya Bahari Palivyopimwa Baada ya Tetemeko la Japani

Wasikilizaji wetu wengi wa pwani wanaikumbuka tarehe 26 Desemba, 2004, siku maji ya bahari yalipokupwa na kujaa pasipo wakati wake. Watu kadhaa walikufa Tanzania, na mmoja Kenya, na huko Somalia karibu 300. Chanzo kilikuwa mbali sana, upande wa kisiwa cha Sumatra, ambako chini ya bahari palipasuka na kuinuka, maji yakasukumwa pande zote. Tangu siku ile wengi wameuliza: mtu awezaje kujua chini ya bahari pamesogea kadiri gani, hali jicho halifiki? Jibu lililo wazi kupita yote lilipatikana Japani, na habari yake ndiyo tutakayoieleza leo.

Pwani ya kaskazini mashariki ya Japani huitwa Sanriku. Jioni ya tarehe 15 Juni, 1896, watu wa huko walisikia mtikisiko hafifu tu, wakaendelea na sikukuu yao. Baada ya kama nusu saa bahari ikawajia, wakafa watu 22,000 hivi. Fumbo likabaki: mtikisiko mdogo wawezaje kuzaa mawimbi makubwa namna ile? Siri ilikuwa mbali na pwani, katika handaki la bahari lenye kina cha zaidi ya mita 7,000, ambako pande moja la gamba la dunia hujipenyeza chini ya jenzie kiasi cha sentimita 8 hivi kila mwaka. Lakini hapakuwa na kipimo cha kufika huko.

Katika nchi kavu kazi hii ni nyepesi siku hizi, maana setilaiti hutambulisha mahali pa chombo bila kukosea ila sentimita chache. Chini ya bahari haifai. Mawimbi ya redio, yaya haya yawaleteayo sauti yetu, hufa upesi katika maji ya chumvi. Sauti yenyewe ndiyo isafiriyo vyema majini, kama mita 1,500 kwa sekunde. Basi katika miaka ya 1980 Mmarekani Fred Spiess, wa chuo cha Scripps, akashauri kwamba mambo hayo mawili yaunganishwe. Merikebu ijue mahali pake kwa setilaiti. Kisha ipeleke mlio chini, kwa vyombo vilivyolazwa sakafuni mwa bahari, navyo viitike. Muda wa kwenda na kurudi ukihesabiwa, umbali hujulikana. Tabu yake ni kwamba mwendo wa sauti hubadilika kwa joto la maji na chumvi yake, kwa hiyo mabaharia hawana budi kuteremsha vipimo vya joto na chumvi pia, na kuurudia mlio maelfu ya mara. Ni kazi ya kuchosha, wala haina sifa mbele za watu.

Walinzi wa Pwani wa Japani, na walimu wa Chuo Kikuu cha Tohoku, walivilaza vyombo hivyo mbele ya Sanriku miaka mingi kabla ya msiba.

Tarehe 11 Machi, 2011, saa nane na dakika arobaini na sita mchana kwa saa za huko, nchi ikatetemeka kwa nguvu ya kipimo cha 9. Dakika tatu hazijapita vizuri, onyo likatolewa. Lakini vipimo vya nchi kavu vilikuwa vimelikadiria tetemeko kuwa dogo kuliko lilivyokuwa. Watu wa Miyagi wakaambiwa watazamie mawimbi ya mita 6, na wa Iwate mita 3. Makadirio yalipozidishwa baadaye, umeme ulikuwa umekatika mahali pengi, na wengine hawakusikia. Mahali pengine maji yalipanda hata karibu mita 40. Waliokufa walikuwa karibu 16,000, mbali na maelfu wasioonekana tena.

Kabla mwezi haujatimia merikebu ya kupimia ikarudi kuviita vyombo vyake, navyo vikaitika. Katika nchi kavu, rasi ya Oshika ilikuwa imesogea mita 5 na zaidi kuelekea mashariki, na watu walikwisha kustaajabu. Chombo cha Walinzi wa Pwani, karibu na kitovu cha tetemeko, kilikuwa kimesogea mita 24, tena kimeinuka mita 3. Kile cha Tohoku, karibu zaidi na handaki, kilisogea mita 31. Wengine wakalinganisha ramani za vina za zamani na mpya, wakaona ukingoni mwa handaki pamesogea kama mita 50. Wengi walikuwa wakidhani kwamba sehemu ile ya ukingoni ni laini, haiwezi kuweka nguvu nyingi. Kumbe ndiyo iliyoruka kupita zote.

Mita 24 kwa sentimita 8 kila mwaka ni mwendo wa miaka 300. Wanafunzi na wapige hesabu wenyewe.

Baada ya hayo Wajapani wametandaza nyaya zenye vituo 150 sakafuni mwa bahari mbele ya pwani ile, zipeleke habari papo hapo. Merikebu nazo hazikuacha kwenda. Miaka iliyofuata ziliona ajabu nyingine: pwani ilikuwa ikiendelea kusogea mashariki, hali vyombo vingine vya sakafuni, karibu na mahali palipopasuka, vilikuwa vikirudi magharibi, polepole, kuelekea nchi kavu.