Bwana Mifugo: Kazi ya Kupokezana

Ndugu wanafunzi wenzangu wa zamani,

Kila tukutanapo, watu hutajana kwa kazi zao: huyu hakimu, yule mhandisi, huyu daktari. Ikifika zamu yangu nikasema kwamba nilisomea sayansi ya wanyama na kwamba naitumikia Serikali katika mifugo, hakosi mtu wa kucheka, "Kumbe wewe ni bwana mifugo tu!" Sikasiriki. Lakini naona yafaa tukumbushane historia ya kazi hii, maana wengi wetu sasa tuna watoto wanaochagua masomo.

Dharau hiyo tuliipata shuleni. Siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilikusudia mwanafunzi ajue kuzalisha mali. Hata hivyo, kufikia wakati wetu, kukata majani ya ng'ombe wa shule kulikuwa ni adhabu ya mchelewaji. Mtoto aliyezoeshwa hivyo hawezi kudhani kuwa nyuma ya ng'ombe yule ipo elimu.

Na ipo, tena imelipiwa kwa gharama kubwa. Mwaka 1887 ugonjwa wa sotoka uliingia Afrika kwa upande wa Eritrea, ukashuka kusini upesi kuliko habari zake. Mahali pengi, katika kila ng'ombe kumi walikufa tisa. Mwaka 1892 msafiri Mwaustria, Oscar Baumann, alipofika Ngorongoro aliwakuta Wamasai wakifa kwa njaa. Wafugaji wetu walijua mengi kuhusu ng'ombe wao, lakini dawa ya janga lile hakuwa nayo mtu yeyote duniani.

Dawa ilitoka jirani. Huko Muguga, nchini Kenya, katika kituo cha utafiti kilichozihudumia nchi zote za Afrika Mashariki, Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo thabiti mnamo mwanzo wa miaka ya 1960. Wachanjaji wakapita boma kwa boma, na sotoka ikawa kama imekwisha. Ndipo uchanjaji ulipolegea. Mwaka 1982 ugonjwa ulirudi kaskazini mwa Tanzania ukawaua nyati wa Serengeti. Ukazuka tena mwaka 1997, sisi tukiwa madarasani. Haukutangazwa kutokomezwa duniani kote mpaka mwaka 2011, ukiwa wa pili baada ya ndui. Plowright mwenyewe alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla.

Hapo ndipo lilipo jambo ninalotaka kulisema. Katika kazi ya mifugo, aanzaye si lazima amalize, na mpokeaji akikosekana, kazi hurudi nyuma.

Chukueni mfano wa pili, ulio karibu zaidi na fani yangu. Daktari wa mifugo hushughulika na maradhi. Sisi wa uzalishaji hushughulika na mbegu, malisho, lishe na maziwa. Kule Mpwapwa, tangu miaka ya 1930, wataalamu walianza kuchanganya damu ya ng'ombe wetu wa kienyeji na ya Sahiwal na Red Sindhi kutoka Bara Hindi, pamoja na damu kidogo ya Boran na Ayrshire. Walitaka ng'ombe wa maziwa na nyama atakayestahimili ukame wa nchi ya kati. Mwaka 1958 akahesabiwa kuwa aina kamili, ng'ombe wa Mpwapwa.

Msidhani ni kazi rahisi. Dume akipanda leo, mimba ni miezi tisa. Mtamba atakayezaliwa akue, apandwe, abebe mimba, azae, kisha akamuliwe msimu mzima na maziwa yake yaandikwe kila siku. Inapita miaka mitano hivi kabla hujajua kama dume yule alifaa, na kwa wakati huo huenda umehamishwa kituo au umestaafu. Kinachobaki ni daftari. Daftari likipotea, ng'ombe yupo lakini elimu yake imekwenda. Leo ng'ombe wa Mpwapwa walio safi wamebaki wachache, na wanahitaji watu wa kuwaendeleza.

Watu hao wafunzwe wapi? Zamani Mtanzania aliyetaka udaktari wa mifugo alikwenda Nairobi. Masomo hayo yalianzishwa Morogoro mwaka 1976, na mwaka 1984 kikazaliwa Chuo Kikuu cha Kilimo, kikapewa jina la Edward Sokoine, mwana wa wafugaji wa Monduli aliyefariki mwezi Aprili mwaka huo huo. Huko ndiko nilikosoma mimi. Kwa ngazi ya cheti na stashahada vipo vyuo vya mifugo kama Tengeru na Mpwapwa, na mabwana na mabibi mifugo wa huko ndio wanaoonekana vijijini.

Basi, ndugu zangu, naomba mambo mawili. Kwanza, mtoto mwenye Kemia na Biolojia nzuri asiambiwe kuwa mlango wake ni udaktari wa binadamu peke yake. Pili, chama chetu kiuombe uongozi wa shule uondoe zizi katika orodha ya adhabu, na badala yake kila ng'ombe awe na daftari lake, liandikwe na wanafunzi wenyewe kwa zamu. Gharama yake ni kalamu na karatasi. Daftari la kwanza nitalinunua mimi.