Familia tatu za mwisho: historia ya kukata orodha kwenye kompyuta

Leo tunaingia kwenye historia ya kazi moja ndogo ya kompyuta: kukata orodha ndefu kuwa mafungu yenye idadi sawa. Ndani yake kuna swali ambalo sisi watu wa foleni tunalijua vizuri: wale wa mwisho wanaenda wapi?

Tuseme kuna familia 103, zinaitwa 20 kwa siku. Siku tano zinajaa, zinabaki familia 3. Mtu mwenye daftari ataziona na kuzipangia siku ya sita. Kompyuta haioni hivyo. Inafanya tu kile ilichoambiwa.

Kwa nini orodha ikatwe? Kwa sababu mashine nayo ina kipimo chake. SQLite, hifadhidata ndogo inayokaa ndani ya simu nyingi, kwa kawaida ilikubali nafasi 999 tu za kujaza kwenye agizo moja, mpaka toleo la 3.32.0 la mwaka 2020 lilipopandisha kiwango. Kabla ya hapo, ukileta majina 5,000 kwa mara moja, ilikuwa inagoma. Basi ulikuwa unaleta fungu kwa fungu.

Mwanzoni kila mwandishi wa programu alijikatia mwenyewe: anzia sifuri, chukua 20, ruka 20, chukua tena. Ukikosea hesabu mahali pamoja tu, mtu anarukwa au anahesabiwa mara mbili.

Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, alianza PHP mwaka 1994 kwa ajili ya ukurasa wake mwenyewe. Mwaka 2002, toleo la 4.2.0 likaleta amri ya array_chunk. Unaipa orodha na idadi, inakurudishia mafungu, na fungu la mwisho linabaki fupi. Familia zetu 3 ziko salama. Ila kuna mtego: kama namba ya kadi ya familia ndiyo ufunguo wa orodha, amri hiyo inaitupa na kuanza kuhesabu upya 0, 1, 2 ndani ya kila fungu, isipokuwa umeongeza neno true mwishoni. Jina lipo, kadi haipo. Nani hapa hajui maana ya hiyo?

Ruby, ya Yukihiro Matsumoto, ina each_slice, nayo inaacha fungu la mwisho fupi. Wanaotumia JavaScript wamezoea kukata kwa slice ndani ya lupu, au kuazima chunk ya maktaba ya Lodash.

Python ilichelewa sana. Guido van Rossum aliitoa mwaka 1991, na kwa zaidi ya miaka 30 watu waliishi kwa ujanja. Ujanja mmoja maarufu ulikuwa kutumia zip. Ni mfupi na unapendeza, lakini zip inasimama fungu lisipojaa. Familia 3 zinadondoka, na hakuna kosa linaloonekana kwenye skrini! Ujanja mwingine, unaoitwa grouper, unajaza pengo kwa None: familia 3 za kweli na nafasi 17 za watu ambao hawapo.

Oktoba 2023, Python 3.12 ikaleta batched, ambayo inaacha fungu la mwisho fupi. Mwaka uliofuata 3.13 ikaongeza strict: ukiiwasha, programu inakataa kuendelea kama fungu la mwisho halikujaa.

Kwa hiyo majibu ni manne: kutupa, kujaza, kuacha fupi, au kusimama na kupiga kelele. Kila moja lina kazi yake. Anayekata sauti au picha anaweza kutupa kipande cha mwisho bila hasara kubwa. Lakini orodha ya watu si sauti. Kwa watu, tunaona majibu mawili tu yanafaa: acha fupi, au simama useme.

Kwa nyinyi mnaojifunza, na mnaotengeneza orodha za ugawaji: kabla ya kutuma, hesabu majina yaliyoingia na yaliyotoka. Zikiingia 103, lazima zitoke 103, kila moja na kadi yake. Usijaribu na orodha ya 100 peke yake, maana 100 inagawanyika vizuri kwa 20 na itakuficha ukweli. Jaribu na 103, jaribu na 1, jaribu na orodha tupu.