Maskati: Ujana wa Kuondoka na Ujana wa Kurudi

Mpaka mwaka 1970, kijana wa Maskati alihesabiwa mtu mzima alipoondoka. Mji wenyewe ulikuwa mdogo, umebanwa kati ya majabali na bahari, na kazi zake zilikuwa za kuhesabika: kuvua, kupakua mizigo, kumsaidia baba dukani Matrah, au kushika bunduki ya Sultani. Aliyetafuta mtaji au mahari alipanda jahazi. Kaskazi ilipoanza kuvuma, mnamo Desemba, majahazi yalishuka Mombasa na Unguja, na kusi ikayarudisha. Mvulana alipokewa na ami yake au jamaa wa kabila lake, akalala dukani juu ya magunia, akajifunza kupima mchele na kujibizana na wateja kwa Kiswahili, na baada ya miaka akafunguliwa kiduka chake shamba au bara. Watu wa Pwani walimwita Mmanga, na jina hilo halikuwa la sifa. Wako waliorudi na mali. Wengi walioa huko huko, wakazaa watoto walioijua Omani kwa masimulizi tu.

Si wote waliopita baharini kwa hiari yao. Mwaka 1896 wavulana 18 wa Kiafrika, waliokombolewa na Waingereza kutoka mikononi mwa wauza watumwa, walikabidhiwa kwa misheni ya Kimarekani mjini Maskati, na Peter Zwemer akawafungulia shule. Hao hawakuwa na ami wa kuwapokea wala duka la kurithi.

Chini ya Sultani Said bin Taimur, aliyetawala kuanzia 1932, milango ilizidi kuwa myembamba. Hadi anaondolewa, nchi nzima ilikuwa na shule tatu za serikali: Saidia ya Maskati, iliyofunguliwa 1940, nyingine Matrah na ya tatu Salala. Zote zilikuwa za wavulana. Lango la mji lilifungwa usiku kwa mlio wa mzinga, na baada ya hapo aliyetembea ndani ya kuta ilimbidi abebe kandili inayowaka ili uso wake uonekane. Kijana aliyekulia katika utaratibu huo aliposikia habari za mafuta ya Bahrain na Kuwait hakuhitaji kushawishiwa. Kutoka nchini kulitaka ruhusa ya Sultani, na wasiopata ruhusa walitoroka.

Kisha mkondo uligeuka. Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 12, 1964 yaliwatawanya wenye asili ya Omani: Dar es Salaam, Mombasa, Dubai, Kuwait, Cairo, Uingereza. Baadhi ya vijana yaliwakuta wako masomoni ng'ambo, hawana tena nyumba ya kurudia. Said hakuwa na hamu ya kuwapokea kwa wingi. Mwanawe Qaboos, aliyetwaa madaraka Julai 23, 1970, aliwaita Waomani wa nje warudi kuijenga nchi, kwa kuwa mafuta yalikuwa yakisafirishwa tangu 1967 lakini wasomi wa kuendesha ofisi hawakuwapo.

Hapo ndipo watu wa rika moja walipokutana wakiwa wamekomaa kwa namna tofauti kabisa. Aliyesoma Unguja alikuja na Kiingereza, hesabu na taipu, na kampuni ya mafuta, benki, polisi na wizara zikamgombania. Kiarabu chake, hata hivyo, mara nyingi kilikuwa cha msahafu: anakisoma sawasawa, lakini akiulizwa bei sokoni anababaika. Mwenziwe ambaye hakuwahi kutoka Maskati alikuwa na lugha, ukoo na heshima ya mtaa, ila alimkuta huyo "Mzinjibari" amekalia kiti ambacho yeye alidhani ni chake. Kinyongo hicho kilikuwa na sababu, ingawa kilisahau kwamba aliyekalia kiti alikuwa amepoteza nyumba ili kukifikia.

Kwa wanawake mabadiliko yalikuwa makubwa zaidi. Wasichana waliosomeshwa Zanzibar walikuwa miongoni mwa wa mwanzo kusomesha, kuuguza na kukaa kwenye kaunta za benki mjini. Mshahara uliwafanya wawe na kauli katika nyumba zao mapema, wengine kabla hawajaolewa, jambo ambalo mtaa ulichelewa kulizoea.

Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos kilipofunguliwa Al Khoud mwaka 1986, njia zilinyooka, na kwa kunyooka zikapungua: shule, mtihani, shahada, kazi ya serikali. Aliyezaliwa Maskati na wazazi waliorudi alisoma shuleni kwa Kiarabu, akaandika Kiingereza ofisini, na Kiswahili akakipata jikoni kwa bibi. Unguja, ambako babu yake alifika kwa upepo wa wiki kadhaa, yeye anakwenda kwa ndege wakati wa likizo, na hoteli yake analipa kama mgeni mwingine yeyote.