Gari la Mtumba na Daftari Lake

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Sidhani kama kuna kitu kinachothibitisha msemo huo kuliko gari la mtumba. Siku linapoingia nyumbani huoshwa mara mbili, viti huvishwa vitambaa, na majirani huja kumpongeza mwenyewe kwa "gari jipya", ingawa gari hilo limekwisha kuzunguka katika nchi nyingine miaka 10 au 15. Furaha hiyo ni halali. Lakini ikipita, hubaki swali: gari hili litaishi miaka mingapi mikononi mwetu? Wengi hujibu kwa kutaja jina la kiwanda. Wengine husema ni bahati. Mimi nimekuja kuamini kwamba kinachokosekana zaidi katika gari la mtumba si nguvu za injini, bali ni kumbukumbu. Gari hilo hutufikia bila historia yake, na umri wake mrefu huanza pale mwenye nalo anapolianzishia historia nyingine.

Naandika haya nikiwa Makutupora, kaskazini ya Dodoma mjini, kwenye barabara iendayo Kondoa na Babati. Msomaji asiichanganye na Makutupora ya Manyoni, ambayo jina lake linasikika siku hizi kwa sababu ya reli ya kisasa. Makutupora yetu inajulikana kwa mambo matatu: visima vinavyoupatia mji wa Dodoma maji, kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, na mizabibu. Mvua hunyesha msimu mmoja tu, tangu Desemba hadi Aprili. Miezi inayobaki ni ya jua, upepo na vumbi. Maji, jua na vumbi, kila kimoja kina neno lake juu ya uhai wa gari, kama nitakavyoeleza.

Barabara yetu ni ya zamani. Enzi za Waingereza ilikuwa sehemu ya ile Barabara Kuu ya Kaskazini, ambayo wakoloni waliota iunganishe Cape na Cairo. Hata hivyo lami ya mfululizo kutoka Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilizinduliwa mwaka 2018 tu. Kwa miaka mingi magari yaliyopita hapa yalitimua vumbi: Land Rover, Peugeot 404, Volkswagen zenye mgongo wa kobe, na baadaye Datsun. Yalikuwa machache, na kila mtu alijua lipi ni la nani kwa kusikia muungurumo wake.

Aliyekuwa na gari katika miaka ya 1970 hakuwa na jingine la kulitazamia. Bei ya mafuta duniani ilipanda ghafla mwaka 1973. Ikafuata amri kwamba ifikapo saa nane mchana siku ya Jumapili magari ya watu binafsi yapumzike, isipokuwa yenye kibali. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilimaliza akiba ya fedha za kigeni. Kuagiza gari kulihitaji kibali cha Serikali, na magari mapya yalipitia shirika la umma la SMC, ambako foleni ilikuwa ndefu kuliko subira ya watu wengi. Spea nazo zilikuwa adimu. Katika hali hiyo gari lilitunzwa kama ng'ombe wa maziwa. Plagi zilisuguliwa kwa msasa zikarudishwa. Chujio la hewa, ambalo mafundi huliita eaklina, lilikung'utwa kila jioni. Magari ya Serikali yalikuwa na kitabu cha safari, na dereva aliandika humo alikotoka, alikokwenda na kilomita alizotembea.

Sisemi kwamba enzi ile ilikuwa njema. Uhaba ulitesa watu, na ulizaa ulanguzi ambao Serikali ilipambana nao katika kampeni kali ya mwaka 1983. Lakini uhaba ulitufundisha jambo moja, kwamba uhai wa gari umo katika kazi ndogo zinazofanywa siku ambayo gari halina tatizo lolote.

Afrika Mashariki ilikwisha kuona mapema kwamba gari lililotumika si gari lililokwisha. Mwaka 1965 Joginder Singh, fundi wa magari mzaliwa wa Kericho, alishinda mashindano ya Safari pamoja na ndugu yake Jaswant kwa gari la Volvo PV544. Gari hilo halikuwa jipya. Lilikwisha kukimbizwa katika mashindano ya mwaka uliotangulia, naye akalichukua likiwa limechoka. Alilifungua, akalitengeneza, kisha akawashinda waliokuja na magari mapya ya viwanda kwa zaidi ya saa moja. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Wengi humkumbuka kwa mwendo wake. Mimi humkumbuka kwa sababu alilijua gari lake kabla ya kulikimbiza.

Mlango ulifunguliwa mwaka 1984. Katika bajeti ya Juni mwaka huo, Waziri wa Fedha akiwa Cleopa Msuya, wananchi waliokuwa na fedha zao za kigeni waliruhusiwa kuagiza bidhaa bila kuulizwa fedha hizo zimetoka wapi. Mwaka uliofuata akaja Rais Ali Hassan Mwinyi, ambaye watu walimwita Mzee Ruksa. Magari yaliyotumika yakaanza kumiminika, kwanza mengi yakipitia Dubai, kisha moja kwa moja kutoka Japani. Toyota Starlet ikawa gari la mwalimu, la muuguzi na la mfanyabiashara mdogo. Mwaka 1999 Starlet ilimpisha Vitz, na mwaka 2002 ikazaliwa IST, ambayo leo utaikuta kila mtaa wa Dodoma.

Kwa nini Wajapani wanauza magari ambayo bado yana nguvu? Sababu moja ni ukaguzi wao uitwao shaken. Gari jipya la mtu binafsi hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na gharama ya ukaguzi, kodi na matengenezo huwafanya wengi waone afadhali wauze. Nasi kama wao tunaendesha upande wa kushoto, na usukani wao uko mahali tunapouhitaji. Kenya iliwafungia mlango magari yenye umri wa zaidi ya miaka 8. Tanzania iliuacha wazi, ila ikaweka ushuru wa ziada kwa magari makuukuu.

Basi gari lililolelewa kwa ukaguzi mkali huvuka bahari, na huko njiani kumbukumbu zake hupotea. Kitabu chake kimeandikwa kwa Kijapani. Kilomita zake huweza kurudishwa nyuma na mtu asiyeonekana. Likifika hupewa namba, na namba hiyo ndiyo watu huifanya kuwa cheti cha kuzaliwa. Tunasema "hili ni namba C", "lile ni namba D", kana kwamba herufi inatueleza umri wa gari. Herufi inaeleza tu lini gari lilisajiliwa nchini. Gari la namba D linaweza kuwa kongwe kuliko la namba B.

Nilipokwenda kununua IST yangu nilitafuta kwanza kitu ambacho wauzaji wengi husahau kukibandua. Gereji za Japani huweka kibandiko kidogo chumba cha injini au ubavuni mwa mlango kila zinapomwaga oili. Maandishi ni ya Kijapani, lakini tarakimu ni zilezile zetu. Mwaka huhesabiwa kwa enzi ya mfalme wao: enzi ya Heisei ilianza mwaka 1989, kwa hiyo Heisei 26 ni mwaka 2014. Kibandiko nilichokiona kilikuwa na 26 na kilomita 88,000. Dashibodi ilikuwa inaonyesha 61,000. Nilimwonyesha muuzaji. Akasema yeye hajui Kijapani. Nikamwambia hata mimi sikijui, ila tunajua kuhesabu. Bei ilishuka, nikalichukua gari nikijua umri wake wa kweli hauko mbali sana na ule wa kibandiko.

Siku hiyohiyo nilinunua daftari la kurasa 96. Mali bila daftari huisha bila habari, nasi tumezoea kuutumia msemo huo dukani tu. Ukurasa wa kwanza niliandika tarehe, kilomita, na maneno haya: "Yote hayajulikani." Maana yake ni kwamba kila kitu kinachochakaa kwa muda nilikihesabu kuwa kimekwisha muda wake, mpaka nikibadilishe mwenyewe. Oili ya injini na filta yake vilikuwa vya kwanza. Injini hii huchukua lita 3.7 hivi, nami huzibadili kila kilomita 5,000. Starlet ya zamani ilitumia mkanda wa taimingi, uliotakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000. IST hutumia cheni, na watu husema cheni haifi. Ni kweli ikiwa oili ni safi. Oili ikiwa nzito kama lami, cheni hulegea na huanza kulia asubuhi. Oili ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewa hata gari likilala, kwa hiyo huibadili kila miaka 2. Ya gia za otomatiki ina aina yake, iliyochongwa kwenye kijiti cha kupimia. Fundi akimimina ya aina yoyote aliyonayo, gia zitakufa polepole bila kujua nani wa kumlaumu.

Hapo ndipo nchi yetu hii inapoingia na masharti yake. Maji ya visima vya Makutupora ni mazuri kwa kunywa, lakini ni magumu. Achemshaye chai huku anajua jinsi birika linavyoota ukoko mweupe. Ukoko huohuo huota ndani ya rejeta na kuziba vijia vyake vyembamba, hadi gari lianze kuchemsha kwenye mlima mdogo. Dawa yake ni kulanti iliyokwisha kuchanganywa, au maji yaliyotoneshwa, yale yanayotumika kwenye betri.

Kuna pia suala la thamostati, kifaa kidogo kinachozuia maji yasizunguke hadi injini ifikie joto lake la kazi, nyuzi 82 hivi. Fundi wangu, kijana mwenye mikono mizuri, alitaka kukitoa.

"Mzee, hii ni ya nchi za baridi. Sisi huku joto tunalo."

Nilimjibu kwamba joto la Dodoma ni nyuzi 30, na injini inahitaji 82. Ikikosa hapo hula mafuta mengi na huchakaa kwa baridi kama mzee asiye na blanketi. Alicheka, akakirudisha. Nadhani desturi ya kukitoa ni mtoto wa miaka ile ya uhaba: kilipokwama na kipya hakipatikani, kukitoa kulikuwa busara. Uhaba uliondoka, desturi ikabaki. Tulirithi kutoa thamostati na tukaacha kurithi kukung'uta eaklina kila jioni, na laiti ingekuwa kinyume chake.

Vumbi la Julai na Agosti huiziba eaklina mapema kuliko kitabu kinavyosema. Ipulizwe kutoka ndani kwenda nje, wala isipigwe dhidi ya tairi. Jua nalo huua tairi kabla ya njia. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 2319 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Meno yanaweza kuwa marefu na mpira umekwisha kukauka. Kwa upande wa bodi tuna neema ambayo watu wa Tanga na Unguja hawana. Pwani chumvi hula bodi wakati injini bado ina afya. Huku kwetu bodi hubaki imara, na injini ndiyo hutangulia kwa kutotunzwa.

Huenda msomaji akaona haya ni mambo madogo ya kuyaandikia makala. Lakini kijijini gari dogo si la mtu mmoja. Usiku mama mjamzito akizidiwa, watu huja kugonga mlango wa mwenye gari, na kutoka hapa hadi hospitali ya mkoa mjini hakuna atakayeuliza jina la kiwanda. Watauliza kama litawaka. Jibu la swali hilo halitolewi usiku ule. Lilikwisha kutolewa wiki au miezi mingi nyuma, siku betri ilipopimwa au ilipoachwa.

Wakulima wa zabibu hapa huvuna mara mbili kwa mwaka, na baada ya kila mavuno hupogoa. Hawangoji mzabibu uugue ndipo washike mkasi. Kwa sababu hiyo mzabibu huzaa miaka mingi. Gari halina tofauti kubwa. Daftari langu limefika ukurasa wa 31, na siku nitakapoliuza gari hili, daftari litakwenda nalo pamoja na kadi. Atakayelinunua atakuwa amenunua mtumba, lakini atajua kila lita ya oili iliyopita ndani yake, na naamini hilo litamfaa kuliko herufi iliyo kwenye namba.