Dennis Oliech: straika aliyekataa jezi ya Qatar

Barazani kwetu, jina la Dennis Oliech likitajwa hakosi mtu wa kusema, "Yule aliikataa mali kwa mkono wake." Mimi siafiki, na leo nitaeleza kwa nini.

Oliech alizaliwa Nairobi tarehe 2 Februari 1985, akachomoza na Mathare United. Mwaka 2003, akiwa na miaka 18 tu, alifunga bao la pekee dhidi ya Cape Verde, likaipeleka Harambee Stars fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Tulikuwa hatujafika huko tangu 1992! Nakumbuka tuliporuka, dele la muuza kahawa likapinduka, na mwenyewe hakudai hata shilingi.

Kule Tunisia 2004, Mali walitufunga 3-1, Senegal 3-0. Kisha tukawachapa Burkina Faso 3-0 kwa mabao ya Emmanuel Ake, Oliech na John Baraza. Huo ulikuwa ushindi wetu wa kwanza kabisa katika fainali hizo, na Oliech siku hiyo alikuwa anatimiza miaka 19.

Wakati huo alishahamia Al-Arabi ya Qatar. Habari iliyoenea ni kwamba Waqatar walimtaka abadili uraia awachezee, akakataa. Hapo ndipo wenzangu wanapomcheka. Lakini je, alikufa njaa? Alikwenda Ufaransa akacheza takriban miaka kumi: Nantes, iliyoshuka daraja 2007, halafu Auxerre, mwisho Ajaccio. Akiwa Auxerre walimaliza wa tatu ligini msimu wa 2009-10, wakawatoa Zenit ya Urusi, wakaingia kundi moja la Ligi ya Mabingwa na Real Madrid, Milan na Ajax. Mkenya, tena bila kubadili pasipoti.

Alipita Dubai, na 2019 akarudi nyumbani kuvaa jezi ya Gor Mahia. Mbio zilikuwa zimepungua, sikatai, na waliokwenda kumtazama wakitaraji Oliech wa Tunisia walijidanganya wenyewe.

Harambee Stars aliifungia mabao 34 katika mechi 76. Angevaa jezi ya Qatar, mengi ya hayo tungeyatazama yakishangiliwa Doha, na wale wale wanaomcheka leo wangekuwa wa kwanza kumwita msaliti.